BLANKETI LA KUSOMWA KWA VIDOLE

Wako watu wanaodhani kwamba kufuma ni kazi ya kupitisha wakati, ifaayo kwa mtu asiye na la kufanya. Vitambaa vya kufuma tumevizoea mno. Vimo juu ya makochi, juu ya meza, juu ya redio na televisheni, na kwa kuwa tumevizoea hatuvitazami. Katika makala hii nataka kuwaeleza wanafunzi wenzangu, walimu wetu na wazazi wetu habari za blanketi moja nililolifuma kwa mkono, namna mishono yake inavyofanywa, na sababu iliyonifanya nichague mishono yenye vinundu na matuta badala ya ile iliyo laini. Natumaini kwamba atakayesoma mpaka mwisho atapata la kumfaa, hata kama hana nia ya kushika sindano maisha yake yote.

Sababu yenyewe ni bibi yangu, mzaa mama. Yeye anakaa kijijini katika mkoa wa Njombe, ambako mwezi wa Juni na wa Julai baridi huingia mpaka ndani ya mifupa, na asubuhi watu huota moto kabla ya kusalimiana. Kwa miaka mingi bibi alikuwa msukaji wa vikapu vya milulu. Alisuka vikapu vya kuwekea unga, vya kuchujia pombe, na vile vidogo vya kupeleka sokoni. Kwa vikapu hivyo alimsomesha mama yangu. Halafu macho yake yakaanza kupungua nguvu, kwanza pembeni, hata akawa anajigonga kwenye miimo ya mlango, kisha giza likasogea mpaka katikati. Alipopelekwa hospitali, daktari alisema ni presha ya macho.

Wengi huuchanganya ugonjwa huu na mtoto wa jicho, kwa hiyo si vibaya nikieleza. Mtoto wa jicho ni ukungu unaoingia katika lenzi ya jicho, na mganga aweza kuiondoa lenzi ile na kuweka nyingine, mtu akaona tena. Presha ya macho huharibu mshipa wa fahamu unaopeleka habari kutoka jichoni hadi kwenye ubongo, na mshipa huo ukishaharibika hauponi. Dawa huweza kulinda nuru iliyobaki, lakini haiwezi kurudisha iliyokwenda. Mara nyingi ugonjwa huja bila maumivu, na ndiyo maana inafaa watu wazima wapimwe macho mapema.

Tangu siku hiyo nyumba nzima ilimwonea bibi huruma, na huruma hiyo ikamfunga. Akishika ufagio, ananyang'anywa. Akitaka kumenya viazi, anaambiwa, "Bibi, utajikata, kaa upumzike." Akalishwa, akavikwa, akaketishwa. Bibi yangu hakuwa mtu wa kunung'unika, lakini nilipokuwa nyumbani likizo ya Desemba alisema neno moja ambalo sikulisahau. Alisema, "Mjukuu wangu, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi huu ni mwaka wa tatu nimekaa kama mgeni katika nyumba yangu. Jembe langu liko wapi?" Sikuwa na jibu. Nilirudi shuleni mwezi wa Januari nikiwa na swali hilo.

Shuleni kwetu matroni huwafundisha wasichana wapendao kufuma kila Jumamosi alasiri. Kazi zetu ni za kroshia, yaani kufuma kwa sindano moja tu yenye ndoano ndogo kichwani, si kwa sindano mbili ndefu kama wafumao sweta. Neno lenyewe latoka katika Kifaransa, na maana yake ni ndoano ndogo. Nilimwambia matroni kwamba nataka kumfumia bibi yangu blanketi la baridi. Akaniuliza, "Utatumia rangi gani?" Hapo nikanyamaza, maana rangi ni kitu kisichomfaa tena bibi. Matroni alipoelewa, akachukua kitambaa kimoja kutoka kikapuni mwake, akaniambia nifumbe macho nikishike. Kilikuwa na vinundu vidogo vilivyopangwa kwa safu, na nikavihesabu kimoja kimoja bila kuona. Basi nikajua blanketi la bibi litakuwa la namna gani.

Kusoma kwa vidole si jambo geni duniani. Louis Braille, aliyezaliwa Ufaransa mwaka 1809, alijichoma jicho akiwa mtoto mdogo kwa msumari wa kutobolea ngozi katika karakana ya baba yake, aliyekuwa mtengenezaji wa matandiko ya farasi. Akawa kipofu wa macho yote mawili. Mwaka 1829 alichapisha maandishi yake ya nukta zilizoinuliwa, nukta 6 kwa herufi, na mpaka leo vipofu wa nchi nyingi husoma kwa hizo, na katika nchi yetu pia. Bibi yangu hakusomea maandishi hayo, wala blanketi langu halina herufi. Lakini vidole vilivyosuka milulu miaka 40 na zaidi vinajua kutofautisha vitu, na nilitaka vipate kitu cha kutofautisha.

Kwanza palikuwa na shida ya uzi. Uzi mpya wa blanketi zima ni ghali kwa mwanafunzi. Matroni akanifundisha kufumua sweta za mtumba. Wenye kutaka kujaribu na wasikie siri yake: sweta si zote zinazofumuka vizuri. Ligeuze sweta ndani nje ulitazame pale ubavu na mgongo ulipounganishwa. Ukiona kitambaa kimekatwa kwa mkasi na ukingo wake umezungushiwa nyuzi nyingi za mashine, liache, maana kila mstari umekatwa na utapata vipande vifupi tu. Ukiona kila kipande kina ukingo wake wenyewe usiokatwa, na vimeunganishwa kwa uzi mmoja tu kama mnyororo, hilo ndilo la kununua. Kata uzi ule wa kuunganishia, kisha anza juu, nao uzi utakuja mrefu usiokwisha. Uzi uliofumuliwa huwa umejikunja kama nywele. Uzungushe katika mafungu, uuoshe, kisha uutundike ukining'inizwa kitu kizito kidogo chini yake, nao utanyooka ukikauka. Mimi nilifumua sweta 7, na kwa kuwa uzi wa sweta nyingi ni mwembamba, nilifuma nyuzi mbili pamoja kwa sindano ya milimita 5.

Sasa nije kwenye mishono. Kroshia yote imejengwa juu ya vitu vichache. Kuna mnyororo, yaani vitanzi vinavyofuatana, kimoja kikivutwa ndani ya kingine. Huu ndio msingi. Kuna mshono mfupi, ambao hukaa chini na kushikamana sana. Kuna na mshono mrefu, ambao kabla ya kuchoma sindano unazungusha uzi mara moja, nao husimama kama nguzo. Lazima mtu awe mwangalifu na vitabu, kwa maana Waingereza na Wamarekani hawakubaliani juu ya majina. Ule mshono mfupi, Wamarekani huuita kwa neno lenye maana ya mmoja, na Waingereza kwa neno lenye maana ya maradufu. Mwenye kitabu cha Uingereza na karatasi ya Marekani asipochunguza hilo kwanza, hesabu zake hazitakutana.

Nilipanga blanketi la vipande 42, kila kipande sentimita 20 kwa 20. Vipande 6 kwa upana na safu 7 kwa urefu, ikawa sentimita 120 kwa 140. Kila safu ilikuwa na mshono wake mmoja, na majina ya mishono hiyo tulijipa wenyewe.

Safu ya kwanza ni changarawe, nayo ndiyo rahisi. Unafuma mshono mfupi mmoja, mshono mrefu mmoja, mpaka mwisho wa mstari. Mstari unaofuata unaweka mfupi juu ya mrefu, na mrefu juu ya mfupi. Ule mrefu ukibanwa na wafupi huinuka kidogo, na kitambaa huwa na vijiwe vidogo vidogo kama njia iliyomwagwa kokoto.

Safu ya pili ni matuta. Juu ya kila mshono kuna nyuzi mbili zilizolala kama kichwa cha mnyororo. Kwa kawaida sindano hupita chini ya zote mbili. Ukiipitisha chini ya ule wa nyuma tu, ule wa mbele hubaki nje, na kwa kuwa kazi hugeuzwa kila mstari, matuta hutokea pande zote mbili kama shamba la viazi. Kitambaa hiki huvutika kama mpira.

Safu ya tatu ni kikapu, na hii ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Hapa sindano haichomwi kichwani mwa mshono, bali huzungushwa kwenye shina lake. Ukipita kutoka mbele, ukazunguka shina nyuma yake na kutokea mbele tena, mshono mpya husogea mbele na kuinuka. Ukipita kutoka nyuma, husogea nyuma na kuzama. Nilifuma 4 vya kuinuka na 4 vya kuzama, mistari 4, kisha nikabadilishana, penye kuinuka pakazama na penye kuzama pakainuka. Mstari mmoja ulikuwa na mishono 26, yaani mafungu 6 ya mishono minne, na mmoja kila ukingo. Baada ya mistari 12 mtu angeapa kwamba uzi umesukwa juu na chini kama ukindu, kumbe haukusukwa hata kidogo.

Safu ya nne ni punje. Mahali pamoja unaanzisha mishono mirefu 5, lakini humalizi hata mmoja. Vitanzi vya mwisho unavibakiza sindanoni, kisha unavifunga vyote kwa mara moja. Mishono hiyo ikibanwa hivyo hufura kama punje ya hindi. La kushangaza ni kwamba punje hutokea upande ulio mbali na mfumaji. Kwa hiyo unaifuma ukiwa umetazama nyuma ya kitambaa, na huioni mpaka ugeuze.

Safu ya tano ni bisi, ndugu wa punje, lakini mwenye kichwa kikubwa zaidi. Mishono 5 unaimaliza yote, halafu unatoa sindano, unaichoma kwenye mshono wa kwanza, na kukivuta kitanzi cha mwisho kipite pale. Mishono hujikunja kuwa kikombe kilichofumba.

Safu ya sita ni kamba. Unafuma mishono ya kuzunguka mashina kama ya kikapu, lakini unaruka miwili, unafuma miwili iliyo mbele, kisha unarudi kuifuma ile uliyoiruka. Mashina yanapishana kama nywele zilizosukwa. Safu ya saba, ya miguuni, ni sega la nyuki, yenye vyumba vya mraba vilivyozama. Safu hii niliiweka miguuni kwa kusudi. Tumefundishwa katika fizikia kwamba hewa iliyotulia haipitishi joto kwa urahisi, na vyumba vile hushika hewa. Miguu ya wazee ndiyo hupata baridi kwanza.

Mwalimu wetu wa hisabati alipoona vipande vyangu hakucheka, bali alitusimulia habari za Daina Taimiņa, mwanahisabati wa kutoka Latvia aliyefundisha Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani. Mwaka 1997 mama huyo alifuma kwa kroshia mfano wa uso wa hipaboliki, yaani uso ambao kila ukiongezeka upana unajikunja na kufanya mawimbi kama jani la sukumawiki. Wanafunzi wake walikuwa wakisumbuka kuuwaza kwa akili, naye akawapa waushike mikononi. Kanuni yake ni nyepesi: baada ya idadi fulani ya mishono, ongeza mmoja, wala usibadili idadi hiyo. Nilifurahi kusikia kwamba hata chuo kikuu kuna mambo yanayoeleweka upesi zaidi kwa vidole.

Mishono ya namna hii ina gharama zake. Hula uzi mwingi kuliko ya kawaida, kwa kuwa uzi unapanda na kushuka badala ya kwenda moja kwa moja. Tena haina ukubwa mmoja: ya kuzunguka mashina huvuta kitambaa kikawa kifupi, na ya matuta hujibana. Kwa hiyo kila mshono nilianza kwa kufuma kipande cha kujaribia, nikapima kwa rula, nikaandika hesabu yake daftarini, ndipo nikaendelea. Nilifuma vipande 3 kila juma, vyote siku za Jumamosi na Jumapili, ili muda wa kujisomea usiguswe. Wenzangu bwenini walikuwa wakiniuliza kama nafuma godoro la shule nzima. Niliwaacha wacheke. Mmoja wao, aliyecheka zaidi ya wote, ndiye aliyenikunjia uzi karibu wote kuwa mabonge, na bila yeye ningalikuwa nikifuma hata leo. Haba na haba hujaza kibaba: baada ya majuma 14 vipande 42 vilitimia.

Mwezi wa Mei niliviunganisha kwa mishono mifupi iliyopitishwa upande wa juu, ili kila mpaka uwe na tuta jembamba na kidole kijue kinapotoka chumba kimoja na kuingia kingine. Pembeni nilizungusha mistari 3, na katika kila kona nikafuma mishono 3 mahali pamoja, maana bila hivyo kona hujikunja. Likapimwa kwenye mizani ya jikoni, likawa zaidi kidogo ya kilo moja na nusu.

Nililifikisha kijijini likizo ya Juni. Mama alimfunika bibi nalo, akamwambia, "Mama, mjukuu wako amekuletea blanketi." Bibi akashukuru kama watu wanavyoshukuru, kisha mkono wake ukaanza kutembea juu yake. Ukasimama. Ukarudi. Akaketi vizuri, akaliweka mapajani, na akatuambia tunyamaze. Alikwenda safu kwa safu. Ya pili aliijua, akasema ni shamba. Ya nne akasema ni mahindi. Alipofika ya kikapu alikaa nayo muda mrefu, akiminya na kufuata mapito ya uzi kwa ukucha, kisha akasema, "Hapa umedanganya. Huu si msuko. Uzi haupiti chini, unajifanya tu unapita." Tulicheka sote, kwa maana mama yangu, mwenye macho mawili, alikuwa amekwisha kuusifu kuwa ni msuko mzuri.

Halafu akauliza, "Umeufanyaje?" Nikamwambia nitamwonyesha. Nikampa sindano na bonge la uzi mnene, nikashika mikono yake ndani ya yangu. Mnyororo aliujua kabla chai haijachemka. Mshono mfupi ulimchukua siku mbili, kwa sababu mahali pa kuchoma sindano pasipoonekana panatafutwa kwa ncha ya kidole cha kushoto. Yeye mwenyewe alibuni njia ya kuhesabu: kila mishono 10 huhamisha punje moja ya maharage kutoka bakuli moja hadi jingine. Siku ya nne mjomba alikuja, akamkuta anafuma, akasema kwa upole, "Mama, pumzika, utachoka." Bibi akamjibu, "Nimepumzika miaka mitatu. Sogeza kiti chako, unanizibia jua." Jua hakuliona, lakini alilihisi mikononi.

Sasa bibi anafuma vitambaa vya changarawe na vya matuta. Mishono ya kuzunguka mashina bado ni migumu kwake, naye hapendi kuambiwa kwamba ni migumu. Nuru ya macho yake haikurudi, wala haitarudi. Bado yuko mtu wa kumshika mkono anapokwenda mtoni. Hata hivyo mama ameniandikia kwamba siku hizi viazi anamenya bibi, na hakuna anayethubutu kumnyang'anya kisu.

Ndugu wasomaji, nimejifunza mambo mawili katika kazi hii, nami nayatoa kwenu kwa unyenyekevu. La kwanza ni kwamba kazi ya mkono ni elimu kamili. Ndani yake nimekuta hesabu, fizikia, lugha na subira, na wale wanaouliza ina faida gani na wajaribu kufuma mstari mmoja wa punje bila kuhesabu. La pili ni kwamba kumsaidia mtu si lazima kuwe kumfanyia kila kitu. Wengi wetu tuna jamaa nyumbani waliopungukiwa na macho, au masikio, au miguu, na sisi kwa mapenzi yetu tumewakalisha kando. Likizo ijayo kila mmoja wetu na amtafute wa kwake, amuulize ni kazi gani aliyoipenda zamani, kisha waketi pamoja watafute njia ya mikono yake kuifanya tena. Kama njia hiyo ni ya uzi na sindano, Jumamosi alasiri matroni yupo, na nafasi zipo.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu